Kwa Aliyekosa Jana

Ijumaa hii jioni, msomaji wetu wa riwaya atakabidhi ufunguo wa kabati lake na kustaafu, baada ya kuitumikia redio hii kwa miaka thelathini na mmoja. Wahariri wa jarida la wafanyakazi wameniomba mimi, fundi mitambo, niandike habari zake, kwa sababu nimekaa naye kuliko mtu mwingine yeyote, yeye upande ule wa kioo na mimi upande huu. Wameniambia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa wanaonifahamu wanajua hiyo si fani yangu.

Hapa kazini tunamwita Mama Muhtasari, na jina hilo halikuanza kwa mapenzi. Kabla ya kusoma ukurasa mpya, yeye hurudia yaliyopita, na harudii kwa sentensi mbili kama wasomaji wengine. Anarudia kweli kweli: nani kaolewa na nani, nani kamficha nani jambo gani, mlango upi uliachwa wazi. Huanza kwa maneno yale yale, "Kwa aliyekosa jana," kisha anakula robo ya kipindi. Wakuu wa vipindi wamepita hapa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alijaribu kumkatisha. Mmoja alimpa onyo. Mwingine, mtu wa heshima zake, alimnunulia saa ya ukutani ili aone dakika zinavyokwenda. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akaitundika nyuma ya kiti chake.

Alianzia mapokezi. Kazi yake ilikuwa kupokea simu na kuwaelekeza wageni ngazi. Haukupita muda, uongozi ukaona simu zimezidi, na nyingi hazina shida yoyote. Watu walikuwa wanapiga kuuliza ni saa ngapi, na huku saa tunaitangaza hewani kutwa nzima. Walitaka tu kusikia sauti ile ikiwajibu. Basi akapandishwa ghorofani, akapewa kiti, kipaza sauti na riwaya yake ya kwanza, na huko chini simu zikapoa.

Riwaya alizozipenda ni za enzi za nyuma, za wanawake walioolewa wakapelekwa mbali. Wake wa makarani, wake wa mahakimu, wake wa matajiri wenye nyumba kubwa na maneno machache. Vijana wa dawati la michezo walizibatiza "hadithi za kufungiwa", na walipomkuta kwenye korido walimuuliza leo nani kafungiwa. Aliwajibu bila kukasirika kwamba wao kila wiki wanasimulia watu wale wale wakikimbizana na mpira ule ule, na yeye hajawahi kulalamika.

Kazi yake ilikuwa na sheria moja: kila kitabu alikisoma mara mbili kabla ya kukipeleka hewani. Mara ya kwanza ameketi, mara ya pili anatembea koridoni, midomo ikicheza, hata wageni wakadhani anasali. Alitaka kujua mwisho kabla ya kusoma mwanzo. Alisema msomaji asiyejua anakokwenda huwatembeza watu gizani. Siku mwanamke wa kitabuni anaponong'ona, alinitaka nizime hata feni.

Kuna mwanamume mmoja aliwahi kufika mapokezi akiwa amevimba kwa hasira, anamtaka huyo msomaji aliyemharibia mke. Mkewe, alisema, ameanza kuuliza maswali. Mama alishuka mwenyewe, akamkaribisha kiti, akampa maji ya baridi, akamsikiliza hadi pumzi zikamrudia, kisha akamwambia kwa upole kuwa msomaji amesafiri na haijulikani atarudi lini. Yule bwana akaaga, akamsifu kwa adabu yake. Sisi tuliokuwa tumejibanza kwenye ngazi tulicheka hadi tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliniuliza kama naona yule mke atakuwa salama usiku ule.

Sasa nifike kwenye kile kitabu, maana bila hicho wasifu huu utakuwa porojo.

Kwenye rafu yetu kulikuwa na riwaya inayoitwa *Nyumba ya Mpimaji*. Msomaji aliyemtangulia Mama aliwahi kuisoma hewani zamani, na wasikilizaji hawakuchoka kuiomba tena. Mama hakuisoma. Hakuigusa kabisa. Mwenzetu mmoja alipojaribu kumsimulia mwisho wake wakati wa chakula cha mchana, Mama alibeba sahani yake akahamia meza ya walinzi. Tulidhani anaidharau, au ana kinyongo na yule msomaji wa zamani. Uvumi ulikuwa mwingi, na wote ulikuwa wa kijinga.

Mwaka huu mkuu wetu mpya wa vipindi, binti ambaye angeweza kuwa mwanawe, alipanga riwaya hiyo iwe zawadi ya kumuaga. Mama alikataa. Kesho yake alikuja mapema kuliko kawaida, akatukalisha studio, mkuu na mimi, akatueleza. Ameniruhusu niyaandike, na alinionya nisiyapambe.

Aliolewa akiwa msichana na karani wa bohari, akahamishiwa mji asikomjua mtu. Mumewe hakumpiga. Hakumfungia hata mlango. Alimwambia tu kwamba nje hana lake, na kwamba ndugu zake wamemchoka, ndiyo maana hawaji kumwona. Redio ilikuwepo nyumbani, lakini kila asubuhi mume aliitia mkobani akaenda nayo bohari, kwa madai kwamba kazini kunachosha. Mama alibaki na ukuta. Upande wa pili wa ukuta aliishi fundi cherehani, mama mtu mzima mwenye mashine ya kelele, na ili asikie redio yake ilibidi aifungulie hadi mwisho. Alasiri Mama alibandika sikio ukutani akisikiliza riwaya. Siku fundi akitoka kupeleka nguo, hakukuwa na riwaya, na kesho yake msomaji aliendelea tu, haelezi kitu. Mama alishika hadithi vipande vipande, akishona matundu kwa kubahatisha.

Nadhani sasa mnaelewa ule muhtasari. Tulipoelewa sisi, mkuu wa vipindi alitazama ile saa nyuma ya kiti, akainuka, akaishusha mwenyewe.

Riwaya aliyoisikia ukutani ilikuwa hiyo ya mpimaji. Mpimaji ardhi wa zama hizo anaoa, anamweka mkewe kwenye nyumba ya kilimani, anaondoka na kamba zake za kupimia kwa miezi. Akirudi humwambia ndugu zake wamemsahau. Kumbe huko kwao amewaambia mkewe ana maradhi ya kuambukiza na hataki kuonwa na mtu. Mama aliposikia hapo, ungo ulimtoka mikononi. Alijiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: na mimi, hivi ndugu zangu waliambiwa nini?

Sura moja kabla ya mwisho, mke wa mpimaji anasimama mlangoni, mkono juu ya komeo. Hapo ndipo msomaji aliposema tukutane kesho. Na kesho yake fundi cherehani alikwenda kupeleka sare za shule. Ukuta ulinyamaza kutwa nzima. Mama alisubiri hadi akachoka, kisha akaamua mwenyewe kwamba yule mwanamke ametoka. Akafunga nguo zake kwenye kanga, naye akatoka. Alipofika kwa mama yake mdogo, yule mama alimtazama mlangoni kwa mshangao akasema, "Si ulisema hutaki kutuona?" Mume alikuwa amewaambia hivyo tangu mwaka wa kwanza. Mama yake mzazi alifika mara mbili hadi bohari, akarudishwa.

"Sikutoka peke yangu siku ile," alituambia pale studio. "Tulitoka wawili, mimi na yule wa kitabuni. Ndiyo maana sijataka kujua. Lakini nastaafu. Nikienda nyumbani bila kujua, nitakuwa mwoga." Akakubali kusoma, kwa sharti moja: sura ya mwisho ataikuta hewani, moja kwa moja, pamoja na wasikilizaji. Sheria yake ya miaka yote aliivunja kwa kitabu hicho kimoja.

Hapo mimi nikaingia matatani. Fundi mitambo hupewa nakala ili aweke alama za muziki, kwa hiyo mwisho niliujua. Wiki zile zote niliujua na nikanyamaza, na uso wangu hauna siri. Siku moja akaniona namtazama, akasema, "Ukifungua mdomo nakuombea uhamisho uende ukarekodi kwaya." Mkuu wa vipindi naye aliusoma mwisho, akaja kwangu amepauka, akapendekeza tuishie kwenye sura ya komeo, tuseme muda umekwisha. Mama alimsikia kupitia kioo, maana nilisahau kufunga kipaza sauti changu. Alijibu kwa sauti ile ile ya kusomea, "Mwanangu, mimi nilidanganywa kuhusu watu wangu, na watu wangu wakadanganywa kuhusu mimi. Msikilizaji wangu hadanganywi."

Alhamisi iliyopita alikaa kitini, akavaa hedifoni, akasema, "Kwa aliyekosa jana," akafanya muhtasari wake wote bila kuruka hata kidogo. Kisha akafungua sura ya mwisho. Wafanyakazi walijaa nyuma yangu, hata wale vijana wa dawati la michezo.

Mke wa mpimaji anainua komeo. Anaona njia inavyoteremka kilimani. Halafu anasikia punda wa mumewe wakikaribia. Anarudisha komeo mahali pake, anaingia jikoni, anapiga magoti, anakoka moto. Kitabu kinaishia hapo.

Mama alisoma hadi neno la mwisho, na sauti yake haikutetereka. Akakifunga kitabu, akaweka kiganja juu yake. Nilikuwa na muziki tayari chini ya kidole. Ukimya redioni ni kosa kubwa, nimewafundisha hivyo mafundi wote waliopita mikononi mwangu, na siku hiyo nilikiondoa kidole nikauacha ukimya uende hewani. Alikuwa analia, na mimi pia. Sioni haya kuandika hivyo.

Kisha akasogelea tena kipaza sauti.

"Kwa aliyekosa jana," alisema. "Palikuwa na mwanamke mwingine. Hayumo kitabuni. Alikuwa nyuma ya ukuta, anasikiliza hadithi hii kwa redio ya jirani. Hakuusikia mwisho. Naye alishika mlango, na alidhani kuna mwenzake wa kutoka naye. Kumbe alitoka peke yake. Leo ndiyo nimejua kwamba alitoka peke yake, na alifika. Ndiye huyu anayewasomea."

Akavua hedifoni, akanipa ishara, nikapiga muziki.

Simu za mapokezi ziliita hadi tulipofunga ofisi, na safari hii hakuna aliyeuliza saa. Wengi hawakutaja majina. Mmoja alinong'ona tu kwamba amesikia, akakata.

Tukaja kwenye suala la zawadi. Kamati ilitaka kununua saa ya ukutani, nikawazuia kwa nguvu zangu zote. Tumekununulia redio, Mama. Ni kubwa, nzito, haiingii kwenye mkoba wa mtu yeyote, na mimi mwenyewe nimeifungua nikaongeza nguvu ya spika zake. Tunakushukuru kwa kila alasiri uliyotusomea, na kwa kutusimulia ya jana hata tulipokuwa tunanuna. Nenda ukapumzike, upate afya, amani na wageni tele mlangoni kwako. Ila tunakuomba jambo moja. Ukiiwasha hiyo redio alasiri, iweke karibu na ukuta, na uifungulie hadi mwisho.