Niliposema Nimepona

Wapendwa, jina la Bwana lisifiwe. Asanteni, mmeitikia kwa nguvu. Hizo nguvu ziwekeni kidogo, kwa sababu leo sikuja kuwafurahisha.

Wengi mnanijua. Mimi ni mwalimu, kazi ndiyo iliyonileta hapa kisiwani Amu, na huu ni mwaka wa sita. Mgongo ulianza mwaka wa pili. Si ule wa kupaka dawa ukalala. Nilikuwa nafundisha nimeegemea ukuta, na kuvaa viatu tu kulinitoa jasho. Kisha ikaja huzuni. Nalia nikisahihisha madaftari, na ukiniuliza nalilia nini, sijui. Daktari akanipa dawa za mgongo na dawa za huo unyogovu. Na nyinyi, haki isemwe, mlinitunza. Kwa zamu mlinipandishia maji ghorofani, na ngazi za nyumba za mawe mnazijua.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya maombezi. Mhubiri mgeni aliniwekea mkono akasema, "Dada, umepona! Ruka!" Kanisa zima likashangilia. Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungefanya nini? Niliruka. Maumivu yakapanda hadi kwenye meno, nami nikatangaza nimepona. Nikatoa dawa mkobani, nikazitupa pale mbele, mkanipigia vigelegele.

Msimsingizie shetani. Ilikuwa aibu. Mnaniombea miaka, siponi, nikajiona kama mwanafunzi anayefeli kila muhula.

Sasa sikilizeni. Aliyepona hatembelewi. Jumatatu hakuja mtu na maji, wala Jumanne. Nikikutana nanyi barabarani nanyoosha mgongo, natabasamu. Nikifika nyumbani napanda ngazi kwa magoti. Na huzuni, bila dawa, ilirudi kwa hasira. Nikaanza kumwomba Mungu anichukue. Niliomba hivyo kila siku, tena kwa imani kuliko nilivyowahi kuomba uponyaji. Mlikuwa wapi? Nawauliza, na mimi mwenyewe najua nilivyowafungia mlango.

Mama mwenye nyumba wangu, Bi mmoja wa hapa hapa, Mwislamu, alinikuta nimekwama katikati ya ngazi. Akauliza dawa zangu ziko wapi. Nikamwambia nimezitupa, nimeponywa kanisani.

"Umepona, na hapo watambaa nini?" akasema. "Mwenyezi Mngu ndiye aloleta maradhi, na dawa ndiye aloleta. Ndoo kwangu, nishike mkono, twende sipitali."

Nikaenda. Nikaanza dawa upya, kwa siri, nyinyi bado mkinitaja kwenye mahubiri kama mfano wa imani.

Halafu dada mmoja wa humu kanisani akanijia shuleni, anashika kichwa. "Mwalimu, ushuhuda wako umenijenga. Na mimi nimeacha zangu za presha, hii wiki ya tatu."

Mficha maradhi, kilio humuumbua; kumbe kilio chenyewe kilikuwa kinakwenda nyumbani kwa watoto wa mwenzangu. Nikamwambia, "Dada, nilidanganya. Sijapona." Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Tulikwenda kupimwa pamoja siku hiyo hiyo na njia nzima alitembea mbele yangu. Alikuwa na haki.

Ndiyo maana nimesimama. Nilidanganya hapa, basi nakiri hapa. Nisameheni. Namshukuru Bi, aliyenishika mkono asiulize mimi ni wa dini gani. Namshukuru daktari ambaye hakunicheka. Namshukuru huyo dada, ambaye sasa tunakwenda naye kliniki, ingawa bado hajanicheka wala kunichekea. Na Mungu namshukuru, lakini nikiwa nimekaza meno, kwamba siombi tena kufa. Huo ndio uponyaji nilioupata. Ulikuja kwa dawa, kwa mazoezi, kwa maombi, na kwa kusema kweli mbele ya mtu mmoja.

Nawaambia, mtu akitangaza amepona, mtembeleeni vilevile. Na mgonjwa msimrukishe. Mwombeeni akiwa ameketi, mkimaliza mketi naye.

Mgongo unaniuma hata sasa ninavyosema. Kila asubuhi namwomba Mungu auondoe, na huenda nikazikwa nao. Siku hiyo mtu asije akasimama kaburini kwangu akasema imani yangu ilikuwa haba.