Nguzo za Boma la Innocent

"Hivi zege nalo huzeeka?" jirani yangu Ritha aliwahi kuniuliza. Jibu nililipata juzi, kwenye basi la Katoro. Rozari ilikuwa mkononi, masikio yalikuwa kiti cha mbele, Mungu anisamehe.

Fundi wa kupima majengo alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye hali ya boma lake, nyumba ambayo bado haijaezekwa. "Mama Innocent, nguzo zote nimezigonga, zinalia utupu. Nimechimbua moja, nondo imeoza. Mchanga mlitoa wapi?"

"Ni marudio, ule mchanga unaobaki wakishaosha dhahabu. Ulikuwa wa bure, mweupe, Innocent akaupenda."

"Ule una dawa za kuoshea dhahabu, mama. Ndiyo imekula nondo."

"Hata papai ukiligonga linalia! Wewe ziba nyufa, tupaue, wajukuu wahamie kabla ya masika."

"Nguzo hizi hazibebi paa. Tuvunje, tuanze upya."

Mama akavuta kikapu chake magotini. "Mwanangu alizimwaga kwa mikono yake. Wiki iliyofuata duara, shimo alimokuwa akichimba dhahabu, likamfunika, na mwili hatukuupata. Sina kaburi lake, nina hizo nguzo. Ndizo unataka nivunje?"

Fundi akageukia dirishani, ingawa nje palikuwa na vumbi tu. Nami nilipoteza hesabu ya Salamu Maria.

"Pole, mama," akasema mwishowe. "Lakini niahidi hutawalaza watoto mle."

Basi likasimama Katoro. Mama Innocent akajifunga kanga vizuri, akachukua kikapu chake, akashuka. Ahadi hakuitoa.