Bi Futi na Madirisha ya Watu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushona mapazia, mwanzilishi na mwenye karakana yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Futi, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Tunasema rasmi kwa sababu mwenyewe ndiye aliyesisitiza. Tulimwambia kwamba mwenye duka hastaafu, huchoka tu akafunga mlango. Akatujibu kuwa yeye si mtu wa kuondoka kimya kimya kama mgeni aliyevunja glasi. Akaandika barua ya kuomba kustaafu, akajiandikia yeye mwenyewe kama mwajiri, kisha akakaa nayo wiki nzima bila kuijibu. Mkataji wetu alipomuuliza imekuwaje, alisema bosi bado anafikiria.

Bosi amekubali. Kuanzia Jumamosi karakana iko mikononi mwa mkataji, mama wa makamo asiyetetemeka mkono, pamoja na mwandishi wa maneno haya, ambaye kazi yake ni kupanda ngazi na kutundika. Maneno haya yatasomwa kwenye hafla ya kumuaga na pia yatawekwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, mahali ambapo wasomaji wamezoea mkono wa Bi Futi na si mkono wa mtu wa drili na skrubu. Mtuvumilie. Aliyekosa la mama, hata la mbwa huamwa.

Biashara hii ilianzia sebuleni kwa mama yake Bi Futi, na ilianza na watu wawili. Dada yake mkubwa alikata, yeye akashona. Cherehani ilikuwa moja, ya kukanyaga kwa miguu. Majirani wa zamani wanasimulia kwamba Bi Futi alikuwa akishona na kuongea kwa wakati mmoja, na dada yake alikuwa akimwonya apunguze maneno yasije yakashonewa ndani ya pindo. Wahenga walisema macho hayana pazia. Dada mkubwa aliongezea kwamba ndiyo maana madirisha lazima yawe nalo, na ndiyo maana wao hawatalala njaa. Alikuwa sahihi. Walianza na ofisi ya shule, wakapewa wodi ya wazazi, kisha zikafuata nyumba za watu, moja ikiita nyingine.

Anayetaka kumjua Bi Futi na amtazame akienda kupima. Akifika kwa mteja hapimi. Huomba kiti, akakisogeza dirishani, akakaa. Wateja wapya hudhani amechoka, wakamletea maji. Yeye anataka kujua jua linaingilia wapi, nani hupita nje, na mwenye nyumba akikaa pale huwa anatazama nini. Wakati wote huo mwandishi huyu amesimama katikati ya sebule ya watu asiowajua, ngazi begani, akingoja mtu mzima amalize kuchungulia nje. Futi ya kupimia ilikuwa haishuki kutoka shingoni mwa Bi Futi mpaka aridhike.

Tulikwenda kwa maharusi waliokuwa wamepanga chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Walitaka kitambaa kizito cheusi ili wasiuone. Bi Futi alikaa, akatazama ukuta ule kana kwamba kuna sinema, kisha akawashauri wachukue cha manjano chepesi. Ukuta ulibaki ukuta, lakini chumba kilipata asubuhi. Wale maharusi sasa wana watoto watatu na wamehama, na walipohama walibeba pazia.

Kulikuwa pia na mzee mmoja aliyefiwa na mkewe, aliyetaka mapazia mapya lakini bomba la kutundikia lirudishwe chini palepale lilipokuwa. Mwandishi huyu alimweleza kwa utaalamu wake wote kwamba bomba liko chini mno, mwanga unapenya juu, na watu watasema fundi hajui kupima. Bi Futi alinivuta ukumbini akaninong'oneza, "Mkewe alikuwa mfupi. Liweke alipoliweka yeye." Nililiweka. Kwa jicho la kazi ni aibu tupu, na ndiyo kazi pekee ambayo mteja alinishika mkono akashindwa kuuachia.

Habari ya kuandika mtandaoni iliingia kwa mlango wa biashara. Mkataji ndiye aliyefungua ukurasa, ili watu waone picha za kazi zetu. Bi Futi aliomba aandike mistari miwili tu chini ya picha, rangi na aina ya kitambaa. Picha ya kwanza ilipata mistari miwili. Ya pili ikapata mitano. Haukupita muda, rangi haikutajwa tena kabisa. Ilikuwa ni dirisha, na aliyekaa dirishani, na kilichokuwa nje. Watu walikuja kutafuta bei wakakuta hadithi, na wengine wakasahau kuuliza bei. Hakuandika habari ya nyumba ya mtu bila ruhusa, wala hakumtaja mtu kwa jina.

Aliandika kwa kidole kimoja, amesimama kwenye meza ya kukatia, huku akingoja pasi ishike moto. Pasi ilishika moto kweli. Kuna vitambaa viwili vizuri vilivyoungua katika karakana hii kwa sababu ya sentensi iliyokataa kukaa sawa. Wakati mwingine alizima cherehani yake, akaamuru na sisi tuzime zetu, akatusomea mstari mmoja na kutuuliza ni neno gani linavuta upande. Mimi ni mtu wa ngazi, lakini baada ya miaka kadhaa nilikuwa nalisikia neno linalovuta upande. Siku moja mteja alimtambulisha kwa rafiki yake hivi: "Huyu ni mwandishi, na pia anashona." Wiki ile nzima hakumgombeza mtu.

Baadaye kila chapisho alilimaliza kwa maneno yaleyale: "Na wewe uliko, dirisha lako linaona nini?" Watu walijibu. Alijibu muuguzi aliyekuwa zamu, akasema dirisha lake linaona maegesho ya magari na paka mmoja mwenye kiburi. Alijibu mlinzi, akajibu mama aliyejifungua juzi, akajibu mwanafunzi aliye mbali na kwao, aliyeandika aya tatu kuhusu kamba ya nguo ya jirani. Bi Futi aliwashukuru wote, mmoja mmoja. Wasomaji waliamini kwamba swali lile ni lao, na kwa kiasi fulani lilikuwa lao. Sisi tuliouona uso wake akiyapitia majibu, akishuka mpaka la mwisho kisha akirudi juu kutazama upya, tulijua kwamba anamtafuta mtu mmoja.

Jambo hili aliliandika mwenyewe, kwa hiyo hatumfichulii siri. Mama yao alipofariki, dada wawili walikwenda kuondoa vitu nyumbani. Sebuleni palikuwa na pazia ambalo mama alilishona kwa mkono kabla binti zake hawajajua kushika sindano. Pazia lilikuwa moja na mabinti wawili. Bi Futi, mtu wa vipimo, alilitandaza sakafuni, akalikunja katikati, akalikata. Nusu kwa nusu, hakuna aliyepunjwa. Alidhani ametenda haki. Dada mkubwa aliingia akamkuta na mkasi mkononi.

"Nimekata vitambaa maisha yangu yote," alisema. "Sijawahi kukata pazia la mtu."

Hakuchukua nusu yake. Alihamia mji mwingine na binti yake, na simu za mdogo wake akaacha kuzipokea. Waliotumwa kupatanisha walirudi mikono mitupu. Wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi kapu tulikuwa nalo tayari miaka mingi, tumelishikilia tu. Chapisho lile la pazia lililokatwa ndilo pekee ambalo halikuwa na picha, na ndilo la kwanza kumalizika kwa swali.

Tulidhani huyo dada hasomi. Mkataji alikuwa na maoni makali zaidi, kwamba anasoma na ana roho ngumu, na akayatoa maoni hayo mara moja tu, maana Bi Futi alimtazama kwa namna ambayo hakurudia tena. Watu walipomsifu kwa wingi wa wasomaji, Bi Futi alitabasamu kwa adabu. Ukimwandalia mtu chakula asije, haikusaidii sana kwamba ukumbi umejaa.

Mapema mwaka huu, mchana, ujumbe uliingia kwenye simu yake. Alianza kutusomea kwa sauti, akidhani ni wa mteja, akanyamaza. Mkataji akaichukua simu na kuumaliza. Bi Futi ameruhusu tuunukuu:

"Mama mdogo, shikamoo. Mimi ndiye ninayemsomea mama maandishi yako. Zamani alikuwa akisoma mwenyewe, tena kwa kunificha. Macho yalipoanza kufifia akaniita nimsomee, na hajaacha hata moja limpite. Ila nikifika kwenye swali lako la mwisho huniambia niishie hapo. Mama haoni tena. Hataki mtu arudi kwake kwa sababu ya kumhurumia. Amenikataza kukwambia, nami nimechoka kumtii."

Bi Futi alimaliza pindo lililokuwa chini ya sindano. Akakata uzi. Ndipo akasema, "Miaka yote hii namuuliza asiyeona, dirisha lako linaona nini."

Mwandishi huyu alikuwa na pete za mapazia mkononi, akaanza kuzipanga upya ingawa zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Alipiga simu alasiri ileile, akaiweka kwenye spika. Tulitoka nje tukijifanya tuna shughuli, lakini karakana yetu ni ndogo na kuta zake ni nyembamba. Dada mkubwa hakuanza na salamu. La kwanza alilosema ni kwamba habari ya wiki iliyopita ilikuwa ndefu mno, na kwamba yule mwenye nyumba angetajwa mapema. Bi Futi akaomba radhi kwa urefu wa habari, akaomba radhi kwa pazia, zote katika pumzi moja. Kisha tukaisikia sauti ya yule dada, imechoka lakini ina nguvu:

"Maneno yako mengi kama zamani. Huyu mtoto ana kazi zake, hawezi kunisomea kutwa. Njoo useme kwa mdomo."

Basi hiyo ndiyo sababu ya kustaafu. Miguu yake haijachoka, kazi haijapungua, wala sisi hatujamuudhi, ingawa tumejitahidi. Wasomaji wengi mmeuliza kwa nini tangu siku ile machapisho yanakatika bila swali, na wengine mkadhani ni hitilafu ya mtandao. Hakuna hitilafu. Swali limepata mwenyewe, na Bi Futi ameona si vizuri kuendelea kuliuliza mbele za watu. Kama ataendelea kuandika, hajaahidi. Amesema maneno yake sasa yataanza kwa msikilizaji mmoja, na yatakayobaki, yakibaki, atatuletea.

Sisi tunaobaki hatuna sababu ya kujikaza. Karakana hii itatupwaya. Mkataji ameanza kugombana na cherehani kwa sababu hakuna mwingine wa kugombana naye. Mimi nilikwenda kupima peke yangu juzi, kwa mama mmoja anayeishi ghorofa ya tatu. Nilipima vizuri, nikarudi na vipimo sahihi, na njiani nikagundua kwamba sikuwa na habari yoyote ya kusimulia. Sikumbuki hata dirisha lile lilitazama wapi. Nilisikitika, na bado nasikitika ninapoandika. Tulizoea kuletewa dunia na mtu aliyeketi kwanza.

Bi Futi, asante kwa kazi uliyotufundisha, kwa mishahara ambayo haikuchelewa hata mwezi ambao wewe mwenyewe ulikula kwa kukopa, na kwa kutulazimisha tusikilize sentensi wakati tuna mapindo ya kumaliza. Ondoka na amani. Funguo zitakaa kwenye misumari yake, na mkataji ameahidi kutobadilisha chochote kabla ya Jumanne.

Na wewe, dada mkubwa, ambaye bila shaka unasomewa haya: anafika Jumapili. Atakuja na sanduku moja dogo, maana nguo hazimshughulishi. Tumekaa naye muda wote ambao ninyi wawili hamkuwa pamoja, na tunakurudishia hali bado tunamhitaji. Tunawaombea afya na miaka mingi katika chumba kimoja, wewe ukimwambia kila siku kwamba anaongea sana, na yeye asinyamaze.