Jicho la Kushoto la Bwana Chirau

Ubao wetu wa kukalia hapa Msambweni umewekwa mbele ya kinyozi, ukitazamana na lango la hospitali. Muuza vifuniko vya simu, Feisal, huitwa Profesa. Muuza kahawa ni Boga, na hilo ndilo jina lake hasa, si la utani. Wa tatu ni Bwana Chirau Kheri, aliyepewa jina la Masika kwa kuwa jicho lake la kushoto linatiririka tangu Ramadhani. Ijumaa iliyopita wazee wa Majoreni walileta posa ya bintiye, Yusra. Wakamwona baba anafuta machozi tangu fatiha hadi pilau, wakaondoka na shaka kwamba hamtaki kijana wao. Leo baba wa kijana, Bwana Waziri, alikuwa anakuja kuuliza mwenyewe, na ubao ulikuwa unamtafutia Chirau jibu.

— Sema ni furaha, alisema Boga.

— Furaha ya jicho moja? Feisal akamkata. Sikilizeni utaalamu. Kila mtu ana machozi yake ya maisha. Masika hakulia mamake alipofariki. Yalilimbikizana, sasa yanadai kutoka.

— Mbona kushoto tu?

— Kushoto ni upande wa mama.

— Wacha uongo, Profesa! Huyu alilinda bwawa la kuogelea la hoteli kule Diani mpaka akastaafu. Yale maji yalimwingia. Sasa yanarudi.

— Ya bwawa yana dawa. Angekuwa mweupe!

— Hujaliona shavu lake la kushoto?

Chirau alichukua kashata nyingine.

Mimi nilijua. Tulikutana kliniki ya sukari, kila mmoja akajifanya amekuja kumtazama mgonjwa. Nikamsikia daktari akimwambia kwamba kijia kinachoshusha machozi puani kimeziba na kimeanza kuvimba. Amwone daktari wa macho upesi, na sukari aishushe. Lakini Chirau alihofia Majoreni wakisikia sukari watasema imo katika damu ya Yusra. Ndiyo maana alikula kashata hadharani, apate mashahidi.

Bwana Waziri akafika, akatoa salamu, akaketi. Boga akamsogezea kikombe na sahani.

— Kahawa nitakunywa. Kashata niwie radhi, mimi nina sukari.

Chirau akabaki na yake mkononi.

— Masika hana! Feisal akadakia. Mtazame anavyozitafuna!

Bwana Waziri alimtazama. Aliona chozi, akaona na uvimbe kando ya pua. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara.

— Hospitali si ile pale?

— Ndiyo hiyo, alisema Boga.

— Mbona jicho mnalitibu upande huu?

Feisal akaanza kupanga upya vifuniko vyake. Boga akatikisa dele la kahawa kana kwamba jibu limo humo.

— Bwana Chirau, nijibu moja tu. Kijana wangu humtaki?

— Namtaka, wallahi. Hili linatoka lenyewe. Mimi pia ninayo hiyo sukari yako.

— Basi inuka, mzee mwenzangu. Harusini nataka uonekane unacheka.

Chirau akairudisha kashata sahanini, wakavuka barabara wameshikana mikono.

Boga akanisogezea ile sahani.

— Leo sitaki, nikasema.

— Wewe tena? Feisal akashangaa. Kwa nini?

Nikalitazama lango la hospitali.