Mzee Kengele Aweka Chini Nyundo ya Upepo

Kwanza kabisa salamu. Nakusalimu wewe wifi yangu, mke wa Mzee Kengele, maana najua ndiwe utakayelifungua jarida hili kabla yake. Shikamoo nyingi kwa mama mkwe mnayeishi naye; je, magoti yamepata nafuu? Salamu kwa kitinda mimba wenu, fundi seremala, na kwa binti yenu mkubwa na mumewe. Na wale wajukuu mapacha, ambao mpaka leo sijui yupi ni yupi, nawasalimu kwa pamoja wasije wakagombana. Sisi huku karakana ya mabawa hatujambo, ila mioyo ndiyo haijatulia.

Ijumaa hii, siku ya mwisho ya mwezi, Mzee Kengele anastaafu baada ya kuunda mabawa ya ndege kwa miaka thelathini na miwili. Wakubwa wameona niandike mimi, kwa sababu sehemu kubwa ya miaka hiyo yeye alikuwa nje ya bawa na mimi nilikuwa ndani yake.

Niwaeleze wageni wa kiwanda. Ndege haishikani kwa dua. Bati la bawa hufungwa kwa ribiti, vile vimisumari vifupi, maelfu kwa maelfu. Mmoja anapiga kwa nyundo ya upepo kutoka nje. Mwenzake, aliye mdogo wa mwili, anatambaa mle ndani na tochi kichwani na kipande cha chuma mkononi, anakikandamiza nyuma ya ribiti ili ikae. Hamuonani, na nyundo inalia kama mvua ya mawe. Basi mnaongea kwa kugonga. Nikigonga mara moja, piga tena. Mara mbili, imekaa, twende mbele. Mara tatu, imeharibika, ing'oe. Ndoa nyingi hazina lugha iliyonyooka namna hiyo. Wifi, usinielewe vibaya.

Alianza kazi kwa kufagia vumbi la alumini chini ya watu wengine. Akapewa keekee ya kutobolea bati, kisha nyundo, mwishowe akawa msimamizi wa wapigaji wote wa upande wa kushoto. Mafundi wengi wanaosoma jarida hili walishikwa mkono naye siku ya kwanza, na wengine walishikwa sikio.

Jina la Kengele yeye mwenyewe aliamini amepewa kwa kuwahi kazini. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia ni kwa ajili ya sauti. Siku moja meneja alipita mbele yetu akiwa na wageni, na suruali yake imeachia mshono nyuma. Mzee akainama kuninong'oneza. Mnong'ono wenyewe ulifika mpaka ghala la rangi: “Dada, tajiri leo anapitisha hewa!” Wageni wakageuka, meneja akageuka, akajishika nyuma akasema, “Ahsante, Mzee, nimesikia.” Tulicheka hadi tukashindwa kushika vyombo.

Lakini kicheko kile kilikuwa na mzizi, na mzizi wake ni mchungu.

Kila asubuhi, kabla nyundo hazijaanza, nilikuwa namtupia kichekesho kupitia tundu la bawa, naye anacheka. Asubuhi moja nikamwambia kwamba shangazi yangu aliyenilea amefariki. Akacheka. Akacheka sana, akapigapiga bati. Nilimnunia, salamu yake sikuitika. Alipoambiwa na wenzetu kilichotokea, alikuja nyumbani kwangu na wifi, akakaa kwenye kiti cha mlangoni, uso hauinuki.

“Dada,” akasema, “mimi sikusikii tangu zamani. Wengine nawasoma midomo. Wewe uko ndani ya bawa, midomo nitaionea wapi?”

“Na nikigonga?”

“Naweka kiganja kwenye bati. Kiganja bado kinasikia.”

Alikuwa anacheka kwa sababu ilikuwa saa ya kucheka. Alificha kwa kuogopa kuondolewa kwenye nyundo, na watoto walikuwa bado shuleni. Enzi zetu kinga ya masikio ilikuwa pamba, na pamba yenyewe ukiikumbuka. Vile vikombe vizuri vya kufunika masikio vilipoletwa, kwake vilikuwa kama mwavuli kwa mtu aliyekwisha kulowa.

Kisha wahandisi wakaleta mkono wa mashine, unaotoboa na kufunga ribiti wenyewe. Sitasema uongo, tulinuna. Na miezi ya mwanzo ilitupa sababu. Bati likipishana kwa unywele, mashine inasimama, inawasha taa nyekundu, inasubiri watu. Asubuhi bati limenywea kwa baridi, mchana limetanuka kwa joto, mashine inasema silo walilokubaliana. Mwishowe ukumbi mzima ukawekewa kipoza hewa. Mzee akasema, “Sisi tumetoka jasho humu mpaka tumezeeka, leo bati ndilo limeonewa huruma.” Zaidi ya hapo, wapigaji wengi walihamishwa, na wengine walirudi nyumbani kabla ya wakati wao. Hilo siwezi kulipaka rangi likapendeza. Hata mimi, ambaye mwanangu wa kike ndiye anayeiendesha mashine, nakosa usingizi nikiwaza siku itakapojua kujiendesha.

Lakini haki ya mtu mpe, na ya mashine pia. Matundu yanatoka sawasawa, na kazi ya kung'oa na kurudia imepungua mno. Hakuna tena mama wa watu anayetambaa ndani ya bawa akatoka bega limekufa ganzi. Mwanangu anarudi nyumbani anaongea kwa sauti ya kawaida. Mimi ndiye ninayepaza, mpaka ananiambia, “Mama, niko hapa hapa.”

Siku mashine ilipomaliza bawa zima bila kusimama, wote tulimtazama Mzee Kengele tuone kama atatema mate. Akalizunguka lile bawa polepole. Akasimama mbele ya mkono wa mashine, akauinamia kama anayemnong'oneza mtu, na ukumbi wote tukasikia:

“Ulikuwa wapi siku zote, mwanangu?”

Hakuna aliyecheka. Wengine walidhani ameichukia. Hapana. Alikuwa anaidai masikio yake.

Sasa nifike kwenye linalonikosesha raha. Wifi amenijulisha kwamba Mzee hataki kuja Ijumaa. Kwenye kumuaga mtunza ghala, mwaka jana, tulisimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliotangulia. Yeye akaona watu wamesimama, akadhani hotuba imekwisha, akapiga makofi peke yake na kusema, “Hongera sana!” Wapo waliocheka. Niliuona uso wake, na sijausahau. Ndiyo maana anasema atachukulia vitu vyake getini aende zake. Jamani, aliyeacha masikio yake ndani ya ukumbi huu aondokee getini kama mtu aliyekuja kusoma mita?

Kaka, ndiyo maana jarida limetoka mapema wiki hii, ulisome kwa macho yako kabla ya siku. Hotuba zote zitachapwa na utapewa mkononi. Mwanangu ataketi kando yako, akufuatishie kwa kidole msemaji alipofika. Na ukipiga makofi pasipo mahali pake, ukumbi mzima utapiga pamoja nawe. Tumekwisha kubaliana, kuanzia meneja mpaka wafagiaji. Siku hiyo mahali pa makofi utapachagua wewe.

Ahsante kwa mabawa yote yaliyoko angani saa hii na watu wamelala ndani yake bila wasiwasi. Ahsante kwa kunisubiri nitoke, kila jioni, kabla hujazima taa. Maisha ya nyumbani yakupokee vizuri, kaka, upate afya, na wajukuu wajifunze kukutazama usoni wanapokusemesha.

Wifi, usikae na jibu. Mtume kitinda mimba, au piga simu ofisini, leo hii ukiweza. Neno moja tu latosha: anakuja.