Thuo Ashukia Adams

Basi la kwenda Waithaka lilipopunguza mwendo Ngong Road, Thuo alikanyaga breki isiyokuwepo. Leo alikuwa abiria, lakini miaka ishirini ya usukani haimtoki mtu kwa siku moja ya mapumziko.

“Kisukari hiki kimeletwa na kazi,” alimwambia mama aliyeketi kando yake. “Nakaa kutwa, soda mkononi.”

“Mimi ni mesenja, napeleka barua maofisini, napanda ngazi kutwa na bado ninacho,” mama akajibu. “Kila ofisi ilinikaribisha chai, nami sikukataa hata moja. Siku hizi naomba isiyo na sukari, na vipimo vimeshuka.”

“Ni ngazi zilizokusaidia, si chai.”

“Basi tembea, baba, tuone.”

Walipofika kituo cha Adams, vituo kadhaa kabla ya chake, Thuo akainuka, akatamka maneno aliyoyasikia kwa abiria miaka yote hiyo bila kuyasema: “Dere, nishukishe hapa.”