Mama Honorine na Uji wa Sirene

Tunayemsindikiza leo, Mama Honorine Kanku, alizaliwa Manika, Kolwezi, tarehe 14 Machi 1958. Alilia hadi majirani wa njia ya tatu wakajua. Sauti ile hakuipunguza hata uzeeni.

Alisoma kwa masista, kisha uuguzi Lubumbashi, akapata cheti mwaka 1979. Mwaka 1981 aliolewa na Tata Philippe Tshiamala, dereva wa lori, mtu mpole. Ilibidi mmoja wao awe mpole.

Alipima watoto kwenye kituo cha afya zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 2016 walifika Gael na mkewe Myriam, ambao akili zao hushika jambo polepole, pamoja na Dady wao wa miezi saba. Baba mkubwa wa Gael, mkaaji wa Fungurume, aliwapa wiki nne: wasipojua kulea, mtoto anamchukua.

“Thubutu!” akasema Mama Honorine. Kila asubuhi alipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, kwenda kuwafundisha, jambo moja kwa siku. Maji ya kuogea yapimwe kwa kiwiko. Kisu kikae juu. Kusoma saa kuliwashinda, basi akawafundisha kufuata sirene, king’ora cha mgodi kinacholia kila zamu ikibadilika: “Sirene ikilia, mupatie mutoto bouillie,” yaani uji. Jamani, alivyojisifu kanisani!

Siku ya ishirini na nane wafanyakazi waligoma. Sirene kimya. Dady akalia, na Myriam, mwanafunzi mwaminifu, hakugusa sufuria. Alimbeba mtoto mgongoni hadi kwenye geti la mgodi, akaligonga kwa mwiko: “Mupige sirene! Mutoto iko na njala!”

Baba mkubwa, aliyekuja kumchukua mtoto, alielekezwa na majirani, akamkuta pale pale getini. Mama Honorine naye akafika anahema, kiatu kimoja kimebaki njiani. Watu wakangoja amkaripie Myriam.

“Mi ndio nilikosa,” akasema. “Nilibafundisha kusikiliza sirene, sikubafundisha kuangalia mutoto. Myriam, angalia kinywa yake. Akitafuna mukono, ni njala.”

Baba mkubwa akamtazama Myriam na mwiko wake, akakuna kichwa. “Mama mwenye kugombana na kompani nzima juu ya bouillie, mutoto wake namuchukua namna gani?” Alirudi Fungurume peke yake, baada ya kuwanunulia sukari.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua Mama Honorine. Akakataa chakula, binti yake Angèle akabembeleza bure. Ila Myriam alileta uji, kila siku saa tofauti, na kila siku Mama alikula. Angèle akamuuliza anajuaje.

“Naangaliaka kinywa yake.”

Jumanne tarehe 11 Februari 2025 Myriam alifika na bakuli. Alimwangalia Mama kinywa, muda mrefu, akaliweka bakuli chini. “Mama alishashiba,” akasema, akalia.

Ameacha mume, watoto wawili, Angèle na Mechack, wajukuu watano, na Gael, Myriam na Dady wao, sasa miaka tisa, anayekula bila kungoja zamu ya mtu.

Apumzike kwa amani, hata sirene ikilia.